JUMATATU: Mashada ya Maua, Kisha Mawe

Soma Matendo 14:8–20. Watu wa Listra waliwadhania Paulo na Barnaba kuwa nani? Ni nini kilichowageuza?

Mtu aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa anasimama na kutembea, na mji unalipuka kwa shangwe. Barnaba anaitwa Zeu. Paulo, kwa kuwa ndiye mnenaji, anaitwa Herme. Kuhani analeta ng’ombe na mashada ya maua. Huenda shangwe hiyo ilichanganyika na hofu. Mshairi wa Kirumi Ovid alikuwa ameandika hadithi ya miungu hao wawili kuizuru Frigia, nchi jirani, kwa sura ya wanadamu. Karibu kila nyumba iliwafungia mlango, na wenyeji wakaangamizwa kwa maji. Ikiwa Listra waliijua hadithi hiyo, basi mashada yale yalikuwa pia kinga.

Mitume wanararua mavazi yao. Tutue hapa kidogo. Ingekuwa rahisi kuipokea heshima ile kwa nia njema: kwanza watusikilize, makosa yao tutayarekebisha baadaye. Watumishi wengi wameingia mtegoni kwa hoja hiyo hiyo. Paulo anakataa katakata, na hata hivyo makutano wanazuiwa kwa shida.

Kisha wanafika Wayahudi kutoka Antiokia na Ikonio, makutano wanashawishika, na Paulo anapigwa mawe na kuburutwa nje ya mji. Kisiwani Melita ilikuwa kinyume: nyoka alipomwuma, walisema ni mwuaji, aliposalimika, wakasema ni mungu (Mdo 28:3–6). Kote kuwili watu walimhukumu kwa walichokiona kwa macho, wala hawakungoja kumjua. Waliyemvika sifa na waliyemlaani walikuwa wamemtunga wenyewe.

Nasi tuna waimbaji na wahubiri wetu. Tunapenda wawe juu kuliko sisi, na siku wanapojikwaa, tuseme kweli, kuna furaha ndogo inayopita moyoni, hata kanisani.

Wanafunzi walimzunguka Paulo. Akainuka, akaingia tena katika mji ule ule. Soma pia Matendo 14:21, 22 na 16:1, 2. Paulo alirudi Listra kufanya nini, na alimkuta nani huko baadaye?

Ni mtumishi gani umemsifu sana, au kumlaumu sana, bila kumfahamu? Juma hili utamwombea nini?