Elimu kwa Umma: Pipa la Taka Nyumbani, Dar es Salaam

Nani anapanga utaratibu wa pipa langu?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi halmashauri jukumu la kusimamia taka ngumu, yaani taka zisizo za kimiminika. Halmashauri hutunga sheria ndogo, yaani kanuni zinazotumika ndani ya mipaka yake tu, kwa hiyo utaratibu wa Temeke si lazima ufanane na wa Kinondoni. Omba kuzisoma katika ofisi ya kata au ya halmashauri.

Likae wapi?
Ndani ya kiwanja chako, mahali pakavu, mbali na kisima, tangi la maji na jiko. Usiliweke juu ya mtaro: likipinduka wakati wa masika, taka huziba njia ya maji na mafuriko huingia kwa jirani. Siku ya gari la taka litoe asubuhi, kwani likilala nje mbwa na kunguru watalifumua.

Naweza kulisitiri lisionekane?
Ndiyo, kwa makuti, matete au ukuta mfupi, mradi hewa ipite na mzoa taka alifikie bila shida. Sitara ikielekea barabarani au kwa jirani, zungumza kwanza na mtendaji wa mtaa.

Ni kweli mbu wa dengi hutoka kwenye taka zinazonuka?
Hofu hiyo inaeleweka, maana jiji lilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Lakini Aedes, mbu anayeeneza virusi vyake, hutaga zaidi kwenye maji safi yaliyotuama: kifuniko kilichogeuzwa, kopo tupu, tairi kuukuu. Mayai yake hugandamana na kuta za chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua ikinyesha. Kumwaga maji pekee hakutoshi. Sugua pipa na kifuniko chake kwa brashi kila wiki, kisha lifunike. Mbu huyu huuma mchana, hivyo hata anayelala ndani ya chandarua anahitaji uwanja usio na maji yaliyotuama.

Nikichoma taka uani?
Tafadhali usifanye hivyo. Moshi wa plastiki hubeba sumu, ikiwemo dioksini, kemikali inayodumu mwilini kwa miaka, na watoto ndio huumia zaidi.

Vioo na sindano je?
Vioo na nyembe vifunge ndani ya kopo gumu, kwa sababu mzoa taka hushika mzigo wako kwa mikono. Sindano za dawa usizitupe kwenye pipa. Uliza zahanati iliyo karibu nawe namna ya kuzirejesha.

Nimelipa ada, gari halijafika. Nifanyeje?
Lipa kwa kumbukumbu namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na udai stakabadhi kila mara. Andika tarehe ambazo gari halikufika, kisha upeleke malalamiko kwa mtendaji wa mtaa. Asipokusikiliza, nenda idara ya usafishaji ya halmashauri ukiwa na stakabadhi zako.