SOMO LETU: BARABARA MBOVU HULIPWA NA NANI?



Katika somo hili tunajifunza jambo moja: barabara ikiharibika gharama yake hupimwaje, na humwangukia nani?

Tuanze na Gurei, kiunga cha mji wa Juba, Sudan Kusini. Barabara kuu ya kutoka Juba hadi Nimule, yenye kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012. Lakini barabara nyingi za mitaa ya Juba bado ni za udongo na changarawe nyekundu, yaani moramu. Kiangazi ni vumbi na matuta. Masika ni tope na makorongo. Dereva wa bodaboda au wa basi dogo anayekwenda Gurei anajua kwamba barabara hiyo inamla. Lakini akimwambia tajiri wake hivyo, huulizwa: "Inakula kiasi gani?" Hapo wengi wetu hunyamaza.

Swali hilo limewahi kufanyiwa utafiti hapa hapa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1971 hadi 1974, Maabara ya Utafiti wa Uchukuzi na Barabara, iliyokuwa idara ya serikali ya Uingereza, ilifanya utafiti mkubwa nchini Kenya kwa kushirikiana na Serikali ya Kenya na Benki ya Dunia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975.

Kazi yao ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza walichagua vipande vya barabara, vya lami na vya changarawe, wakavifuata kwa muda. Walihesabu magari yanayopita, wakapima mvua, mwinuko, na unene wa changarawe uliopotea. Ubovu wa uso wa barabara waliupima kwa kigari cha gurudumu moja kinachovutwa na motokaa, ambacho hujumlisha mirusho yote ya gurudumu katika kila kilomita. Kwa hiyo "barabara mbovu" haikubaki neno la malalamiko tu; ilipata namba.

Pili walichunguza gharama za magari. Mwendo na mafuta walivipima barabarani. Lakini habari za tairi, spea na kazi ya mafundi walizipata katika kumbukumbu za wenye magari. Wakaona kwamba uso wa barabara ukizidi kuwa mbovu, tairi huisha upesi na spea huongezeka. Na gari lililokwisha kwenda kilomita nyingi hudai spea zaidi. Hesabu hizo ndizo zilizozaa programu ya kompyuta ya kupanga barabara, na baadaye Benki ya Dunia ikaendeleza programu zake zinazotumika katika nchi nyingi.

Wenzetu, sisi tunapata mafunzo mawili.

La kwanza: changarawe haidumu yenyewe. Kila mwaka magari na mvua huiondoa. Barabara ya moramu iliyomwagwa mara moja na kuachwa bila greda na bila mitaro ni fedha iliyotupwa. Basi tunapodai barabara, tudai na matunzo yake.

La pili: orodha ile ilihusu gari. Habari za mtu aliye juu ya gari ni juu yetu kuziandika. Tuseme dereva huenda safari 10 kwa siku wakati wa kiangazi, na masika huenda 7 tu. Hesabu ya tajiri haipungui. Safari 3 zilizopotea zimetoka katika chakula cha nyumbani kwake. Akikatwa na spea, amelipa mara mbili. Mgongo unaouma na saa za ziada pia ni malipo.

Kwa hiyo kila dereva na kila utingo awe na daftari. Kila siku aandike: tarehe, njia aliyopita, kilomita, idadi ya safari, mafuta, spea na tairi zilizobadilishwa na nani aliyelipa, saa za kazi, ajali au maumivu. Daftari la mtu mmoja mwajiri anaweza kulicheka. Madaftari ya madereva 30 wa njia moja, ya kiangazi na ya masika, ni utafiti, na kwenye meza ya majadiliano yana uzito. Tukiwa nayo twaweza kudai hesabu ya tajiri ipunguzwe masika, na spea zisikatwe katika mapato ya dereva.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Katika njia yenu, safari hupungua kwa kiasi gani wakati wa mvua?
2. Nani hulipa tairi na spea? Je, mapatano hayo yameandikwa?
3. Nani atayatunza madaftari ya tawi, na yatasomwa siku gani kila mwezi?