Falaki Ishuke Mitaani

Asiyejua maana haambiwi maana. Katika jarida la mwaka huu nimeonelea nizungumzie falaki, yaani elimu ya jua, mwezi, sayari na nyota, na kwa nini vyuo vyetu vinatakiwa kuishusha elimu hii hadi mitaani. Kwanza tusichanganye mambo. Falaki ni sayansi ya kupima na kuhesabu. Unajimu wa kupigia ramli ni habari nyingine kabisa, nao haumo humu.

Tulichokosa kuambiwa

Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ndogo ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, setilaiti ya Wamarekani. Waliipa jina Uhuru kwa heshima ya nchi yetu. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Hadi ilipokoma kufanya kazi mwaka 1973, ilikuwa imekusanya habari za vyanzo zaidi ya 300 vya miale hiyo. Mtaalamu aliyeongoza utafiti ule, Riccardo Giacconi, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jamani, chombo hicho kilipaa kutoka pwani yetu! Lakini nilipowauliza vijana barazani hapa Buxton, mmoja alinijibu, "Uhuru si ile paki ya Nairobi?" Kosa si lake. Elimu ikifungiwa ndani ya ua, walio nje huona moshi tu.

Darubini iwafuate watu

Dawa ya jambo hili ipo, na Wakenya wameshaianza. Mwaka 2014 Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, yaani darubini isafiriyo. Hupeleka darubini shuleni na vijijini, pamoja na kuba la kupuliza hewa ambamo wanafunzi huonyeshwa anga mchana kweupe.

Vyuo navyo vingeweza kufanya hivyo. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kiko Tudor, na Tudor na Buxton ni pua na mdomo. Ombi langu ni dogo: kila muhula, usiku mmoja, darubini iletwe uwanja wa Tononoka. Mama muuza mahamri, utingo wa matatu na mwanafunzi wapange foleni moja, kila mtu aone kwa jicho lake ile miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610. Watu wa Mombasa hawahitaji kubembelezwa watazame juu. Mwezi mwandamo wautafuta kila Ramadhani.

Jambo hili si la kujifurahisha tu. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Huko Luxor, Misri, litafunikwa lote. Kwetu Mombasa litafunikwa sehemu tu, na hapo ndipo penye hatari. Kulikodolea macho kunaweza kuunguza sehemu ya ndani ya jicho, nawe usisikie maumivu yoyote, kwani sehemu hiyo haina neva za maumivu. Miwani ya jua, kioo cha moshi na filamu ya eksirei havikingi. Asipotokea wa kuwafunza watoto mapema, wengine watapoteza uwezo wa kuona.

Njia salama ni hii: toboa kadibodi kwa pini, lipe jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Utaona umbo la jua lililomegwa. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani itatandaza vijua vingi kama hivyo ardhini.

Jaribio la kufanya wenyewe

Tusingoje darubini wala mwaka 2027. Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutufikia utosini mara mbili kwa mwaka. Karibu na tarehe 10 Machi, simika kijiti kiwe wima kabisa mahali tambarare, kisha kitazame kiasi cha saa sita na nusu mchana. Kivuli kitapotea! Rudia karibu na tarehe 3 Oktoba, kiasi cha saa sita na dakika kumi.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya falaki na unajimu wa ramli.
2. Kwa nini kivuli cha kijiti hupotea Mombasa mara mbili kwa mwaka, wala si mara moja?
3. Mweleze ndugu yako mdogo namna ya kutazama kupatwa kwa jua bila kuumia. Swali hili usilijibu daftarini, lijibu nyumbani.