Somo: Namna shauri la mtaalamu linageuka kuwa kanuni ya shamba



Katika masomo yaliyopita tuliongea juu ya mbegu, mbolea na hifadhi ya mavuno. Leo tunapenda tuongee juu ya kitu kimoja ambacho hakionekani shambani, lakini kinaamuru kazi yote ya shamba: kanuni. Kila koperative iko na kanuni zake. «Kila mwanachama apande kwa mistari.» «Asiyeng'oa mgomba wenye ugonjwa atalipa amande.» Kanuni hizi zilitoka wapi? Nani alizifikiri mara ya kwanza? Na kama siku moja hazifai tena, nani ana ruhusa ya kuzibadilisha?

Tutachukua mfano mmoja ambao wengi wenu mnaujua kwa mikono yenu: ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, ule ambao ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanauita kirabiranya.

1. Ugonjwa ulivyofika na shauri lilivyozaliwa

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria. Wataalamu waliuandika mara ya kwanza kule Ethiopia mwaka 1968, juu ya mmea unaoitwa enseti ambao ni ndugu ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka ule ule ulionekana kwetu Masisi, Kivu ya Kaskazini. Kutoka pale ulitembea kilima kwa kilima mpaka Kivu ya Kusini.

Alama zake mnazijua. Majani yanageuka manjano na kulala kama yameunguzwa na moto. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda kidogo linatoa maji mazito ya manjano kama usaha. Unapita kwa wadudu wanaotembelea lile ua linaloning'inia chini ya mkungu, unapita kwa panga na visu, na kwa machipukizi tunayochukua kwa jirani ili kupanda.

Mbele ya hatari kubwa vile, wataalamu walitoa shauri moja kali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake na mizizi yake. Sababu yao ilieleweka. Walifikiri kwamba bakteria ikiingia katika mgomba mmoja, itashuka chini na kupanda katika watoto wote. Basi, kumuacha mtoto mmoja ni kuacha moto chini ya majivu.

2. Hatua tano: kutoka wazo mpaka desturi

Angalieni sasa safari ya shauri lile, maana kila shauri la kitaalamu linapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza, mtu anaona jambo shambani na analifikiri. Hatua ya pili, watafiti wanalipima. Hatua ya tatu, linaandikwa kwa ufupi: katika fishi ya kitekniki, katika picha za kubandika ukutani, katika mafunzo ya mamonitere. Hatua ya nne, linaingia katika kanuni: chefferie inatoa agizo, mradi unaliweka kuwa masharti ya msaada, koperative inaandika amande. Hatua ya tano, linakuwa desturi. Watoto wanakua wakiona vile, na hakuna mtu anauliza tena juu ya nini.

Safari hii si mbaya. Bila hiyo, kila mkulima angeanza kutafuta maarifa kutoka mwanzo, na ugonjwa ungemaliza kilima chote wakati sisi tunajadiliana. Kanuni inasaidia watu wengi wafanye jambo moja kwa siku moja.

Lakini kuna kitu kinapotea njiani. Katika kila hatua shauri linaongezeka nguvu, na linapungua maelezo. Mtafiti anasema: «Tunafikiri, katika hali hii, ni vizuri kung'oa.» Fishi inasema: «Ng'oa.» Kanuni inasema: «Asiyeng'oa atalipa.» Yale maneno «tunafikiri» na «katika hali hii» yamebaki njiani. Anayepokea kanuni mwishoni hajui ilisimama juu ya sababu gani. Basi hawezi kujua kama sababu ile ingali iko.

3. Wakulima ambao hawakung'oa

Kung'oa shina nzima la migomba ni kazi ngumu. Jembe na shoka kwa muda mrefu, na ukimaliza unabaki na shimo. Kwa jamaa kubwa yenye mashamba matatu, ni hasara. Kwa mama mjane mwenye kashamba kamoja nyuma ya nyumba, ni chakula cha watoto, ni kasiksi ya kuuza, ni pesa ya masomo. Migomba mipya itazaa baada ya mwaka au zaidi. Atakula nini pale katikati?

Kwa hiyo wakulima wengi hawakung'oa. Katika mikutano mingi waliitwa wavivu na watu wenye kichwa kigumu. Lakini wengine hawakukaa bure: walikata shina lenye ugonjwa peke yake na kuacha mengine. Na katika mashamba ya namna hiyo, shina nyingi zilizobaki ziliendelea kuzaa vizuri.

Watafiti, wakiwemo wale wa shirika la Bioversity waliofanya kazi Uganda na Kivu ya Kusini, walianza kupima jambo hilo. Wakakuta kwamba bakteria haiingii lazima katika watoto wote wa mgomba. Shina moja linaweza kuwa na ugonjwa, na jirani yake wa shina lile lile akabaki mzima. Ukikata lenye alama mara tu unapoliona, na ukirudia bila kuchoka, bakteria inapungua shambani kidogo kidogo. Katika mashamba waliyofuata vile, ndani ya miezi michache ugonjwa ulishuka hadi chini ya shina 2 kwa 100.

Leo shauri hilo jipya linafundishwa katika nchi nyingi za maziwa makubwa. Lakini kanuni za zamani zingali zimeandikwa katika kaye za koperative kadhaa. Mahali pengine mjane angali anatozwa amande kwa kukataa kung'oa, wakati elimu yenyewe imeshasonga mbele. Kanuni haisomi habari mpya. Lazima kuwe na mtu wa kuisomea.

4. Shauri jipya, pamoja na masharti yake

Ili tusipoteze tena maelezo njiani, tunaandika shauri hili pamoja na masharti yake:

- Tembelea shamba lote kila wiki. Ukiona shina lenye alama, likate chini kabisa, usawa wa udongo. Chipukizi likitokea tena na alama, likate tena.
- Panga ulilotumia usilipeleke kwa mgomba mzima mbele ya kulisafisha: lipitishe katika moto mpaka liwe la moto sana, ao lioshe kwa maji ya javeli.
- Vunja lile ua la chini ya mkungu mara tu chane ya mwisho inapotokea. Tumia kijiti chenye panda, usitumie kisu.
- Usiache mbuzi na ng'ombe waingie kula migomba. Usichukue machipukizi kwa shamba lenye ugonjwa.
- Njia hii inaenda vizuri kama ugonjwa ungali mdogo, na kama majirani wote wanaifuata. Shamba ambalo karibu migomba yote imeshaugua, inafaa kung'oa yote, kupanda maharagi ao mahindi kwanza, kisha kurudisha migomba kwa machipukizi safi.

Mnaona: kung'oa hakukufutwa. Kumerudishwa mahali pake, katika hali ambapo kunafaa.

5. Nguvu ya fimbo na nguvu ya faida

Wazee wetu wanajua tangu zamani kwamba maarifa yanaweza kuingia kwa milango miwili.

Wakati wa ukoloni, mlango wa kwanza ulikuwa fimbo. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabeljiji iliweka mimea ya lazima, zaidi sana pamba. Sheria ya 1933 iliruhusu kulazimisha watu kazi hizo kwa siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, ikapanda hadi siku 120. Agronomu alikuja pamoja na askari. Katika milima ya Kivu hata mitaro ya kuzuia mmomonyoko, ambayo kwa kweli inaokoa udongo, ilichimbwa kwa amri. Uhuru ulipofika, watu wengi waliiacha ile mitaro. Waliikataa kwa sababu ya mkono ulioileta, na udongo ukashuka mtoni.

Mlango wa pili ni faida inayoonekana. Mwaka ule ule wa 1933 ilianzishwa INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo ambacho kituo chake kikubwa cha utafiti kilikuwa Yangambi. Tangu 1970 kazi yake inaendelea kwa jina la INERA. Pale Yangambi, watafiti walieleza mwaka 1941 namna michikichi inavyorithishana unene wa ganda la kokwa. Ukichanganya mchikichi wa ganda nene na ule usio na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Leo tenera inapandwa katika nchi zote kubwa za mafuta ya mawese duniani. Anayeona chupa zinavyoongezeka hahitaji askari nyuma yake.

Fundisho kwa koperative ni hili: kanuni inayosimama juu ya amande peke yake itaanguka siku mkusanyaji wa amande atakapoondoka. Kanuni ambayo wanachama wanajua sababu yake, watailinda wenyewe.

6. Namna ya kuandika kanuni yenye uhai

Sheria ya koperative ya OHADA, ambayo Congo iliingia mwaka 2012, inataka mkutano mkuu kila mwaka. Ule mkutano usiwe wa kusoma hesabu na kuchagua komite tu. Tunashauri kila kanuni ya shamba ijibu maswali matano, na majibu yaandikwe katika kaye karibu ya kanuni yenyewe:

- Shauri hili limetoka kwa nani, na lilipimwa wapi? Udongo wa kule unafanana na wetu?
- Sababu yake ni nini, kwa maneno ambayo mwanachama asiyejua kusoma anaweza kuyarudilia?
- Linafaa katika hali gani, na halifai katika hali gani?
- Nani anabeba mzigo wake? Mara nyingi wanaume wako katika komite, na wamama ndio wako na jembe. Wamama wasemewe na wamama.
- Tutaliangalia tena lini?

Tuchukue mfano. Kanuni ya zamani: «Asiyeng'oa mgomba wenye ugonjwa atalipa amande.» Kanuni mpya: «Kila mwanachama akate shina lenye ugonjwa kila wiki na kusafisha panga, kwa sababu bakteria haiingii katika watoto wote. Shamba likiharibika karibu lote, koperative itamsaidia kwa mikono kung'oa na kwa mbegu ya maharagi. Tutahesabu tena migomba yenye ugonjwa mbele ya mkutano mkuu.» Ya pili ni ndefu, ni kweli. Lakini ndani yake kuna sababu, kuna masharti, kuna msaada, na kuna siku ya kuhukumu kama inafaa.

Na juu ya kuhesabu: msingoje watafiti. Chagueni mashamba machache, hesabuni shina zote na shina zenye ugonjwa kila mwisho wa mwezi, andikeni. Karatasi hiyo mkiipeleka kwa agronomu wa territoire ao kwa mradi, neno lenu litakuwa na uzito kuliko malalamiko. Wale wakulima waliokata shina moja moja walikuwa na ukweli. Wakati wao haukuwa na kaye, ndiyo maana ulichukua miaka kusikiwa.

Kazi ya kufanya pamoja mbele ya mkutano ujao

Kwanza, fungueni kaye ya kanuni na mchague kanuni tatu za shamba. Kwa kila moja, muulize mwanachama mmoja kijana na mmoja mzee: sababu yake ni nini? Kama majibu hayafanani, mkaitafute sababu pamoja.

Pili, muulize kama kuna jambo ambalo wanachama wengi wanalifanya kinyume cha kanuni. Mbele ya kuwatoza, mwende kuangalia shamba lao.

Tatu, mpange mashamba ya kuhesabia migomba, na mchague wawili wa kuandika, mmoja wao awe mama. Toleo lijalo litaleta mfano wa karatasi ya kuhesabia ambayo mnaweza kuinakili kwa mkono.