Jaketi la Kuokolea

Twaa kibuyu kitupu, ukizibe mdomo, kisha ukizamishe katika mtungi wenye maji. Ukikiachilia, mara huibuka juu. Lakini mtungi ukijaa maji hata juu nawe ukaufunika, kibuyu hicho hukwama chini ya kifuniko, wala hakiwezi kushuka kutafuta njia. Jambo hili dogo limepata kuwapotezea watu uhai wao.

Katika eropleni zivukazo bahari kila abiria huwekewa jaketi la kuokolea. Ukivuta kamba yake hujaa hewa, nalo humwelesha mtu majini.

Tarehe 23 Novemba 1996 eropleni ya Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, yenye watu 175. Njiani watu watatu waliiteka, wakamlazimisha rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaambia kwamba mafuta hayatoshi, wasisadiki. Mafuta yakaisha, mitambo yote miwili ikazimika, na rubani akaishusha baharini karibu na pwani ya Ngazija. Upande wa kushoto uligusa maji kwanza, eropleni ikavunjika vipande. Wenyeji, pamoja na wageni waliokuwako pwani, wakaenda upesi kuokoa watu. Hata hivyo waliokufa walikuwa 125, na waliopona 50 tu.

Miongoni mwa waliokufa walikuwamo ambao hawakuuawa na kishindo. Walikuwa wamekwisha kujaza majaketi yao hewa wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua juu, na njia ya kutokea ikabaki chini yao. Wakawa kama kibuyu chini ya kifuniko: kile kilichowekwa kuwaokoa ndicho kilichowazuia kutoka.

Basi, mwanafunzi, siku utakaposafiri kwa eropleni, shika maneno haya. Wasikilize watumishi wake waonyeshapo namna ya kuvaa jaketi. Hesabu viti toka chako mpaka mlangoni, upate kuufikia hata gizani. Eropleni ikishuka majini, vaa jaketi lakini usilijaze. Ikiisha simama, fungua mkanda, acha mizigo yako, uende mlangoni. Hapo, unapotoka, ndipo uvute kamba.

Kuwa na chombo chema hakutoshi. Sharti kujua na wakati wa kukitumia.

MASWALI
1. Kwa nini kibuyu hakikuweza kutoka mtungini?
2. Mafuta ya eropleni yaliisha kwa sababu gani?
3. Jaketi hujazwa hewa wakati gani? Eleza sababu yake.