Wazazi, Walimu wa Kwanza

Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao (Gravissimum Educationis, 3). Shule huwasaidia tu. Tuitazame Ujerumani, ambako kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shuleni karibu hakuruhusiwi kabisa. Agosti 2013 watoto wanne wa familia moja ya Kikristo walitengwa na wazazi wao kwa wiki tatu. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliunga mkono serikali, ikitaja hatari ya watoto kutengwa na jamii. Hofu hiyo hatuipuuzi. Mtoto anahitaji wenzake. Lakini mitihani na ukaguzi vingetosha. Kanuni 793 inawapa wazazi Wakatoliki wajibu na haki ya kuchagua njia za malezi, wala haitaji shule peke yake.