Bastola za Fremu ya Plastiki: Kwa Nini Zinapendwa na Nini Mmiliki Anapaswa Kujua

Mtu akisikia kwamba bastola inayobebwa na polisi wengi wa Marekani ina mwili wa plastiki, huuliza papo hapo: haipasuki? Swali la pili huwa la uwanja wa ndege: mashine ya ukaguzi inaiona? La tatu, ambalo kwa maoni yangu lingestahili kutangulia, huulizwa na wachache: ni nini kinachoizuia isifyatuke pasipotakiwa? Makala hii inayajibu yote matatu, pamoja na mengine yanayoulizwa mara kwa mara. Bastola za aina hii zimetawala soko halali la silaha Marekani na Ulaya, na zimefika pia mikononi mwa wamiliki wenye vibali na vikosi vya ulinzi katika Afrika Mashariki.

Ni sehemu gani hasa iliyo ya plastiki?

Bastola ya kisasa ina sehemu kuu mbili. Juu kuna slaidi, kipande kizito cha chuma kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapopigwa, na ndani yake mna mtutu. Chini kuna fremu: mpini unaoshikwa mkononi, nafasi ya kuchomeka magazini, na makazi ya kifyatulio. Fremu hiyo ndiyo iliyo ya plastiki. Mtutu, slaidi, springi na pini inayogonga kitako cha risasi ni vya chuma.

Hapo ndipo lilipo jibu la wasiwasi wa kupasuka. Baruti huwaka ndani ya chuma, na shinikizo lake kali hukabiliwa na chuma. Fremu hupokea mtikisiko tu, na plastiki inamudu kazi hiyo kwa sababu hunesa kidogo kisha ikarudi mahali pake. Hata pale slaidi inapoteleza juu ya fremu pamewekwa reli fupi za chuma zilizozamishwa ndani ya plastiki tangu kiwandani. Plastiki yenyewe haifanani na ile ya ndoo au sahani. Ni polima ya jamii ya nailoni, na watengenezaji wengi huiimarisha kwa nyuzi fupi za kioo. Nailoni ya jamii hiyo hutumika pia kutengeneza gia za mashine.

Nani aliyeanza?

Wengi humtaja Mwaustria Gaston Glock, lakini hakuwa wa kwanza. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ya Marekani ilitoa bunduki ndogo yenye mwili wa nailoni, na mwaka 1970 Heckler & Koch ya Ujerumani ikaleta VP70, bastola ya kwanza kuuzwa ikiwa na fremu ya polima. VP70 haikupata wapenzi wengi. Kifyatulio chake kilikuwa kigumu mno kuvuta, na aliyeijaribu alikumbuka ugumu huo kuliko wepesi wa fremu.

Kisa cha Glock kinastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, maana ndicho kilichobadilisha biashara nzima. Mwaka 1980 jeshi la Austria lilikuwa linatafuta bastola ya kuchukua nafasi ya Walther P38 za enzi ya Vita Kuu ya Pili. Glock, aliyezaliwa mwaka 1929, alikuwa na kiwanda kidogo Deutsch-Wagram, karibu na Vienna. Alikuwa akiliuzia jeshi hilo visu na sepeto za kuchimbia mahandaki, na hakuwahi kutengeneza bastola. Lakini plastiki alikuwa anaijua, kwani mpini wa kisu chake cha kijeshi na ala yake vilikuwa vya polima. Hakubanwa na mazoea ya mafundi wa bunduki waliozoea kuanza na bonge la chuma na kulichonga hadi liwe fremu.

Masharti ya jeshi yalikuwa makali. Bastola ilitakiwa isifyatuke ikiangushwa kutoka urefu wa mita 2 juu ya bamba la chuma, na katika risasi 10,000 za kwanza isikwame zaidi ya mara 20. Glock 17 ilifaulu, na mwaka 1982 jeshi likaichagua, likaagiza bastola 25,000. Norway na Sweden zilifuata katika muongo huohuo. Uingereza iliichagua mwaka 2013 kuchukua nafasi ya Browning Hi-Power, na Ufaransa mwaka 2020.

Kwa nini wamiliki wanazipenda?

Sababu ya kwanza ni uzito. Glock 17 bila magazini ina takriban gramu 625. Colt M1911 ya chuma kitupu, iliyotumiwa na jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka 70, ina takriban kilo 1.1. Beretta 92, ambayo fremu yake ni ya aluminiamu, inakaribia gramu 950. Kwenye meza ya duka tofauti hii huonekana ndogo. Kwa askari anayeivaa kiunoni zamu nzima pamoja na redio, pingu na tochi, ni kubwa.

Ya pili ni idadi ya risasi. Ukuta wa plastiki unaweza kufanywa mwembamba, hivyo magazini pana yenye risasi zilizopangwa safu mbili hukaa ndani ya mpini ambao mkono wa kawaida bado unaushika vizuri. Glock 17 hubeba risasi 17. Walther P38 ilibeba 8, na bastola ya mzunguko waliyoizoea polisi wa Marekani ilibeba 6.

Ya tatu ni kutu. Plastiki haipati kutu kwa jasho wala kwa hewa ya chumvi, na anayeishi mwambao anajua jinsi chumvi inavyokula chuma. Hata hivyo, wanaosema bastola hizi hazihitaji kutunzwa wanapotosha. Slaidi, mtutu na springi vinaweza kupata kutu, na vinadai kusafishwa na kutiwa mafuta mepesi kama kawaida.

Ya nne, ambayo mnunuzi haioni lakini anaifaidi, ni utengenezaji. Fremu ya chuma huchongwa hatua kwa hatua kwenye mashine, na chuma kingi huishia kuwa takataka. Fremu ya plastiki humwagwa: polima iliyoyeyushwa husukumwa kwa shinikizo kwenye kalibu, ikapoa, ikatolewa ikiwa na umbo karibu kamili. Kalibu yenyewe ni ghali, lakini ikishapatikana hutoa fremu moja baada ya nyingine zinazofanana. Glock pia alipunguza vipuri hadi 35 hivi, na vingi hubadilishwa bila kuhitaji fundi wa kuvipiga tupa. Bei ikashuka na matengenezo yakarahisika, ndiyo maana wakuu wa polisi walioagiza bastola kwa maelfu walivutiwa.

Soko la Marekani lilifunguka kupitia polisi. Tarehe 11 Aprili 1986, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili huko Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Wengi wao walikuwa na bastola za mzunguko, na baada ya hapo idara nyingi zikahamia kwenye bastola za magazini. Glock ilikuwa imeshafungua tawi Smyrna, Georgia, ikawa tayari. Raia wakafuata wanachobeba polisi. Majimbo yalipozidi kuruhusu kubeba silaha iliyofichwa, Florida ikiwa miongoni mwa yaliyopata umaarufu kwa sheria yake ya mwaka 1987, wepesi ukawa na thamani zaidi. Washindani nao hawakulala: Heckler & Koch walirudi na USP mwaka 1993, Walther wakatoa P99, Smith & Wesson wakatoa M&P mwaka 2005, na kiwanda cha Karlovac nchini Croatia kikatengeneza HS2000, inayouzwa Marekani kwa jina la Springfield XD. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lenyewe liliachana na Beretta na kuchagua SIG Sauer P320, ambayo mpini wake wa plastiki unaweza kubadilishwa kulingana na ukubwa wa mkono wa askari.

Je, inapita kwenye mashine za ukaguzi bila kuonekana?

Hapana. Uvumi huu ulienea Marekani katikati ya miaka ya 1980, na filamu ya Die Hard 2 ya mwaka 1990 ikauongezea nguvu kwa kumtaja mhalifu mwenye Glock ya kauri isiyoonekana kwenye eksirei. Bastola hiyo haijawahi kuwepo. Slaidi na mtutu ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito wa Glock, na umbo lake kwenye eksirei ni la bastola bila shaka yoyote. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inapiga marufuku silaha ambayo mashine ya kugundua chuma haiwezi kuitambua, na kiwango ilichoweka ni sawa na takriban gramu 105 za chuma. Glock inakipita mara kadhaa kabla hata hujahesabu risasi.

Haipigi teke zaidi?

Silaha nyepesi hurudi nyuma kwa kasi zaidi kuliko nzito ikipiga risasi ileile, na hakuna tangazo linaloweza kuibadilisha kanuni hiyo. Kunesa kwa fremu hupunguza ukali mkononi kwa kiasi fulani tu. Ndiyo maana washindani wa michezo ya shabaha bado wanapenda chuma. CZ Shadow 2 ya Jamhuri ya Czech, inayopendwa sana mashindanoni, ina zaidi ya kilo 1.2, na uzito huo ni wa makusudi. Anayenunua bastola ndogo kabisa ya plastiki akidhani itakuwa rahisi kuipiga kwa sababu ni nyepesi anakosea. Hiyo ndiyo inayodai mazoezi mengi zaidi.

Ni nini kinachoizuia isifyatuke?

Hili ndilo ninaloomba lisomwe kwa makini. Bastola nyingi za fremu ya plastiki hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Glock ina vizuizi vitatu, na vyote huondoka kifyatulio kinapovutwa: kimojawapo ni ulimi mdogo ulio katikati ya kifyatulio, na viwili viko ndani, kuzuia pini isisogee silaha ikianguka au ikigongwa. Hufanya kazi hiyo vizuri. Lakini havijui kama kilichovuta kifyatulio ni kidole cha mwenye nia, ncha ya shati iliyonasa, au mtoto. Kwa kifyatulio cha kawaida, nguvu ya kilo 2.5 hivi inatosha.

Polisi wa Washington, D.C., walianza kutumia Glock mwaka 1988. Miaka kumi baadaye gazeti la Washington Post lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba silaha hizo zilikuwa zimefyatuka kwa bahati mbaya zaidi ya mara 120, na likaeleza jinsi mafunzo yalivyokuwa haba. Polisi wa New York walichagua springi inayofanya kifyatulio kiwe kizito zaidi. Muundo nao unaweza kuwa na kasoro: Agosti 2017 SIG Sauer ilitangaza maboresho ya hiari ya P320 za raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba ikiangukia pembe fulani iliweza kufyatuka. Aliyerithi au kununua P320 iliyotumika aulize kama ilifanyiwa maboresho hayo.

Ajali ya aina nyingine hutokea wakati wa kusafisha. Ili kufungua Glock, lazima kwanza uvute kifyatulio. Mtu anatoa magazini, anadhani silaha ni tupu, anavuta, na risasi iliyobaki kwenye chemba ya mtutu inatoka. Utaratibu salama haubadiliki. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi haitamdhuru mtu, kidole kikiwa nje ya kifyatulio. Toa magazini, vuta slaidi nyuma uifunge, tazama ndani ya chemba, kisha ichunguze tena kwa kidole. Risasi zote zihamishwe chumba kingine kabla hujaanza.

Bastola hizi pia zisiwekwe mfukoni tupu, kwenye pochi pamoja na funguo, wala kuchomekwa kiunoni bila ala. Ala iwe ngumu, iliyotengenezwa kwa bastola hiyohiyo, na ifunike kifyatulio chote. Ala ya ngozi iliyolegea itupwe, kwa sababu ukingo wake ukijikunja ndani unaweza kuvuta kifyatulio wakati wa kurudisha silaha.

Fremu yenyewe itunzwe vipi?

Mafuta ya silaha hayaidhuru, ila vimumunyisho vikali vya kuondolea rangi viepukwe. Usiichome kwa pasi ya kulehemu wala kuikata ili ikae vizuri mkononi, na usiguse kibamba cha chuma chenye namba kilichozamishwa kwenye fremu. Namba hiyo ndiyo inayoitambulisha silaha kisheria. Marekani imesumbuka na vifurushi vya fremu za plastiki zisizo na namba ambazo mnunuzi alikuwa akizimalizia nyumbani. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikubali kanuni inayoziweka chini ya sheria ya silaha.

Kwetu, malighafi ya fremu haipunguzi wajibu wowote. Nchini Tanzania silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Nchini Kenya ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetaka cheti huomba kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Kumiliki bastola bila kibali ni kosa, hata kama ni ya urithi au umeachiwa kwa muda na rafiki. Ikipotea au kuibwa, toa taarifa polisi mara moja ukiwa na namba yake. Iandike leo na uitunze mbali na ilipo bastola, kisha bastola ifungiwe kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, na risasi zifungiwe mahali pengine, penye ufunguo wake.